Samaha ya Mwezi wa Sita

Shule ya Misheni,
Upande wa Bomet.
3 Juni 1934

Mpendwa dada Kemuma,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Dorcus ambaye kitanda chake kinagusana na changu: mimi nina hasira. Naona haya kuliandika, kwa sababu hapa wote wananiita Akeyo Kimya, na bibi mkuu wa shule huwaambia wengine waige upole wangu. Basi nimekuwa mpole tangu Jumanne na tumbo linaniuma kwa upole huo.

Nimeanza vibaya, hata sijakusalimu. Hujambo? Mama yako Nyatichi hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mahindi yenu nyuma ya nyumba yamefika wapi? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa sikiliza. Jumanne Mwalimu Gichana aliandika ubaoni neno la Kiingereza, "summer". Yeye hulitamka sama. Akatuambia maana yake ni kiangazi, na kwamba huja mwezi wa sita. Juni, Julai, Agosti, watu wanavaa nguo nyepesi, wanaoga mtoni, jua halitaki kuzama. Wakati anasema hayo mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, ikambidi apaze sauti. Hebu fikiria, Kemuma. Mtu anapiga kelele "Kiangazi!" na sisi tumejikunyata, mikono kwapani. Kwetu kiangazi ni Januari, vumbi linapopanda mpaka kwenye uji. Phelis akauliza, "Mwalimu, hicho ni kiangazi cha wapi?" Mwalimu akajibu, "Cha kitabu." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Kisha akasema sababu yake ni kwamba mwezi wa sita dunia hulisogelea jua, kama mtu anayesogea motoni. Na hapo ndipo hasira ilipoanza, maana mimi nilikuwa nimekwisha kusoma. Bibi mmoja wa misheni huniruhusu kusoma kitabu chake chenye picha za dunia na nyota, Jumapili baada ya ibada. Siyo kusogea. Ni kuinama.

Nitakueleza, ili walau mtu mmoja nimemwambia. Washa koroboi, uiweke katikati ya sakafu. Hilo ndilo jua. Chukua kiazi, ukichome kijiti katikati kitokeze juu na chini. Hiyo ndiyo dunia. Usikishike wima. Kiinamishe kidogo, kijiti kielekee mlangoni, kisha ukizungushe kuizunguka koroboi, na kijiti kibaki kinaelekea mlangoni siku zote, hata ukiwa upande ule mwingine. Safari moja ya kuzunguka ndiyo mwaka. Utaona ukifika upande mmoja, kichwa cha kiazi kimeinamia koroboi. Huo ni Juni, na watu wa kaskazini wanapata mwanga mwingi na siku ndefu. Ukifika upande wa pili, kichwa kimelipa jua kisogo na makalio ndiyo yanaota moto. Huo ni Desemba. Lakini tumbo la kiazi, Kemuma, pale katikati! Tumbo linapata mwanga karibu sawasawa mwaka mzima. Sisi tuko tumboni. Ndiyo maana mchana wetu haurefuki wala haufupiki. Sisi tunapata mvua na mawingu na vipindi vya jua, lakini sama hatuna. Na kitabu kinasema dunia huwa karibu zaidi na jua mwezi wa kwanza, wakati watu wa kaskazini wanatetemeka! Basi ukaribu unahusikaje?

Nilitaka kusimama niseme. Niliinua mkono mpaka begani, halafu nikajikuna shingo. Mwalimu akasema tuandike, nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri, "Dunia hulisogelea jua mwezi wa Juni." Akanisifu.

Jaribu hicho kiazi, uniambie umeona nini. Nisalimie jirani yenu Jerusa na watu wote wa laini, nyumba zote za wachumaji. Ukimwona baba yangu mwambie sabuni imekwisha.

Ni mimi dada yako,
Akeyo


Kiptere,
Nyuma ya duka la mjomba Ratemo.
10 Juni 1934

Akeyo,

Salamu utazipata, kwa sababu mama amenilazimisha niziandike. Anasema hata mtu ukimkasirikia unamsalimu kwanza. Haya, hujambo? Sisi tuko. Yamekwisha hayo.

Barua yako imenikuta Kiptere. Karani Phelix alimpa Jerusa, Jerusa akampa mtu wa mkokoteni. Nimeisoma nikikalia gunia la chumvi, maana kiti hatuna. Unasema una hasira na mwalimu kwa mambo ya jua. Ngoja nikupe hasira ya kweli.

Bwana mpya wa shamba umesikia habari zake? Ametoka Bara Hindi, mahali panaitwa Asamu, kwenye mashamba ya chai ya huko. Kiswahili hana, hata "jambo" anaitamka kama mtu aliyeungua ulimi. Jumatatu asubuhi, tulipokuwa tunaitwa majina, alipanda juu ya sanduku akasema kwa Kiingereza, na baba yako alisimama kando yake na firimbi shingoni, kifua mbele, akitafsiri. Bwana akasema kidogo, akatuonyesha majani, akatuonyesha mbingu, akatabasamu. Baba yako akasema kwa sauti ile yake ya nyapara:

"Bwana anasema mwezi huu wa sita ni samaha! Penye vikapu viwili, sasa ni kimoja!"

Ungesikia vigelegele. Jerusa alicheza na kikapu kichwani akisema, "Huyu amezaliwa na mwanamke kweli, siyo yule wa kwanza aliyeanguliwa!" Tukaenda kuchuma tunaimba. Saa sita watu wote wakashuka, kila mtu na kikapu kimoja, wakakaa kwenye nyasi kando ya mzani. Wengine walikuwa wanachoma mahindi makuukuu.

Bwana akaja. Akatazama vikapu, akatutazama sisi tunatafuna. Akaanza kupiga kelele mpaka shingo ikawa nyekundu kama nyama ya bucha. Karani Phelix akatuambia anasema huu ni mgomo, anataka kujua ni nani aliwaambia watu waweke vikapu chini.

Akeyo, baba yako alisimama pale. Mdomo uliosema samaha ulikuwa umefungwa. Halafu akamnyooshea kidole mama yangu. "Huyu. Huyu Nyatichi ndiye aliwachochea."

Na watu wote wakanyamaza, kwa sababu wote wanaiogopa firimbi.

Kabla ya jioni vyombo vyetu vilikuwa nje kwenye matope. Sufuria, blanketi, mtoto akilia juu yake. Mahindi tumeyaacha, yamefika kifuani kwangu, yalikuwa chakula chetu cha mwaka. Bwana amesema nyumba itabaki tupu mpaka mwisho wa mwezi, kisha atawekwa mtu mwingine, na mahindi atakula huyo. Hapa kwa mjomba tunalala kati ya magunia, na mke wake anahesabu tonge zetu kwa macho.

Viatu ulivyovaa, Akeyo, na hiyo sabuni unayoitisha, na hiyo nafasi ya kukaa Jumapili na kitabu cha picha, vyote vimetoka kwenye firimbi ya baba yako. Kiazi nilikuwa nacho kimoja. Nimekila.

Aliyekuwa dada yako,
Kemuma


Shule ya Misheni,
Upande wa Bomet.
15 Juni 1934

Mpendwa dada Kemuma,

Nakusalimu, na mama Nyatichi namsalimu kwa magoti, na mtoto pia. Sijui niulize vipi hali zenu baada ya yale uliyoniandikia. Mimi niko, na naona aibu kuandika kwamba nimekula na nimelala kitandani.

Barua yako niliisoma chooni, mahali pekee pasipokuwa na mtu. Nilipofika kwenye kidole cha baba nililia, kisha nikaona nalia ovyo, nikarudi juu nikaisoma tena polepole, kama ninavyosoma kitabu nisichokielewa. Neno moja likanikwama. Samaha. Bwana aliyefika juzi, asiye na Kiswahili, amelipata wapi neno samaha? Na kama alilisema kwa Kiingereza, baba angelijuaje? Baba anajua Kiingereza cha kazi tu: leta, haraka, pima, huyu mvivu. Habari za kusameheana hajawahi kutumwa kuzitafsiri.

Kemuma, Bwana alisema "summer". Sama! Alisimama juu ya lile sanduku akasema, sasa ni Juni, sasa ni sama, majani yatakuja kwa wingi, kila mtu alete vikapu vyake viwili vilevile, asishuke na kimoja. Baba akasikia sama, akasikia mbili, akasikia moja. Neno hakulijua na hakutaka mbele ya watu aonekane halijui, basi akalivalisha nguo ya neno analolijua. Dorcus alinikuta nikilisema peke yangu, sama, samaha, sama, samaha, akafikiri nimeshikwa na homa.

Na hilo ni kosa la kwanza tu. Kosa la pili ni la Bwana mwenyewe, na hilo ndilo linanifanya nitake kuvunja kitu. Nimeitafuta Asamu kwenye ramani. Iko mbali juu, kaskazini, pale ambapo mwinamo wa dunia unaleta sama ya kweli. Huko mwezi wa sita mchana unarefuka, kuna joto na mvua, na michai inachipua kama wazimu. Mwezi wa kumi na mbili inalala. Bwana amebeba kalenda ya huko kichwani mwake akaja kuitua kwetu, tumboni mwa dunia, kidogo tu chini ya ule mstari wa katikati. Wewe unayechuma unajua kuliko mimi: Juni na Julai kwetu ni ukungu na baridi, na chipukizi linakaa limekunja ngumi. Ni mawingu na kimo cha milima, sama haimo. Anataka vikapu viwili katika miezi ambayo hata kimoja ni taabu! Ni mwalimu wangu yuleyule, ila huyu ana mzani na nyumba za watu.

Yaani asubuhi moja watu wawili walikosea, mmoja neno na mmoja dunia nzima, na asiyekosea hata kimoja analala kati ya magunia ya chumvi.

Nimemwandikia baba leo. Nimemweleza yote kwa heshima, nimemwomba aende kwa Bwana aseme alisikia vibaya, kabla nyumba haijapewa mtu. Kusikia vibaya si dhambi. Naamini ataelewa. Tafadhali ningoje.

Dada yako, ukikubali au ukikataa,
Akeyo


Kiptere
21 Juni 1934

Akeyo,

Mama anakusalimu. Mimi pia, nusu.

Nilipomsomea mama habari ya sama na samaha alicheka mpaka akashika ubavu. Ni mara yake ya kwanza kucheka tangu tufike hapa. Akasema, "Huyo mtoto ana akili, lakini hamjui baba yake." Halafu akanieleza jambo ambalo mimi sikulisikia siku ile, kwa sababu nilikuwa nyuma na wasichana.

Watu walipokuwa wanapiga vigelegele, mama alimwendea baba yako akamwambia kwa sauti ya chini, "Ogola, una hakika? Hakuna Bwana anayepunguza kazi akiwa anacheka. Muulize tena." Baba yako akamjibu, "Wewe mwanamke wa kuchuma ndiye utanifundisha Kiingereza?" Mama akaenda zake.

Umeona sasa? Mtu mmoja tu alijua kwamba baba yako hakuelewa. Saa sita ilipofika, kidole kikamtafuta mtu huyohuyo. Kusikia vibaya, sawa, hata mimi nasikia vibaya. Lakini kile kidole hakikutafsiri kitu. Kiliinuliwa tu.

Na barua yako aliipata, maana Jumanne alikuja hapa. Baba yako mwenyewe, na koti lake, na kifurushi cha sukari. Akakaa kwenye gunia langu. Akamwambia mama, "Shemeji, mambo haya yaishe. Wewe sema tu kwamba ulikuwa na hasira siku ile, nami nitakutafutia kazi shamba lingine, huko Kapsoit." Alimwita shemeji! Mama akamuuliza, "Na nyumba yangu?" Akasema, "Nyumba ni nyumba." Mama akamrudishia sukari mkononi, akamwambia, "Peleka kwa huyo Bwana wako, mwambie ni samaha." Mjomba Ratemo alicheka akaangusha mizani ya duka.

Lakini mimi sicheki. Jerusa ametuma habari kwamba watu sasa wanatafuta vikapu viwili na hawavipati. Wanavuna majani makubwa, magumu kama ngozi, wajaze kikapu, na Bwana anayamwaga chini na kusema wavivu, na siku haiandikwi kwenye tikiti ya kazi, basi malipo hakuna. Na baba yako anapuliza firimbi.

Na leo, tarehe ishirini na moja, tuko katikati ya hiyo sama yenu ya kitabu, siyo? Basi nakujulisha kwamba hapa Kiptere mvua ya mawe imepiga tangu saa saba na mtoto amevaa gunia.

Unajua mambo mengi, Akeyo. Unajua dunia inainamia wapi. Usiniandikie tena kuhusu jua. Mtu aliye na kinywa na Kiingereza, na baba yake ndiye nyapara, kama hana cha kufanya ila kuandika, basi na asiandike.

Kemuma


Laini ya Chai,
Kericho.
1 Julai 1934

Kwa Kemuma,

Nawasalimu nyote, na najibu mwenyewe kwa niaba yenu kwamba hamjambo, kwa sababu sina hakika kama utanijibu. Anwani hiyo hapo juu umeiona. Siko shuleni.

Baba alinijibu kabla barua yako haijafika. Aliandika mistari minne. "Mtoto hasahihishi mtu mzima. Nyumba za laini si kazi yako. Ada yako inatoka kwenye cheo changu. Funga mdomo, usome." Basi nilikuwa na barua mbili kwapani, yake ya kuniambia nifunge mdomo na yako ya kuniambia nikifunga mdomo nisiandike. Mlikubaliana kwa jambo moja, kwamba mimi ni mtu wa kukaa na kusoma. Niliwakasirikia nyote wawili. Hasira hiyo ilikuwa nzuri, ilinipa miguu.

Nilimwomba bibi mkuu ruhusa. Akasema nyapara ni mtu aliyeaminiwa, na binti humheshimu baba yake. Nikasema, "Ndiyo, bibi." Jumamosi alfajiri nikatoka na wanaokwenda kuteka maji, nikamwachia Dorcus debe langu, nikashika njia. Mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unapeleka mahindi Kericho ulinichukua sehemu kubwa, nyingine nilitembea. Nilifika Jumapili jioni. Kwa baba sikwenda, nilikwenda kwa Jerusa. Akasema, "Binti ya nyapara kulala kwangu! Leo kunguni wangu watakula sikukuu." Kisha akanipa blanketi lake, yeye akajifunika gunia.

Jumatatu asubuhi nikasimama nyuma ya wachumaji. Baba alikuwa anaita majina. Aliponiona akanyamaza katikati ya jina la mtu. "Akeyo! Umetoka wapi?" Wanaume wakaanza, "Huyo, nyapara mdogo amefika!" "Mpeni kikapu, tuone vidole vya kalamu!" Mkono wangu ukaanza kwenda shingoni kujikuna. Niliushika kwa mkono wa pili, nikatembea mpaka mbele kwenye lile sanduku.

Kiingereza changu ni cha kitabu, kilitoka vipandevipande. Nilimwambia Bwana, "Siku ile wewe ulisema summer. Baba yangu alisema samaha. Samaha maana yake ni umewasamehe. Watu walitii. Hakuna aliyewachochea. Nyatichi alimwambia baba akuulize tena, na baba alikataa."

Hakuelewa mara moja. Nilirudia. Kisha akaelewa, na, Kemuma, alicheka. Alicheka akashika nguzo ya mzani, akamwita karani Phelix amwandikie lile neno kwenye karatasi, akalisema mara nyingi, sama-ha, sama-ha, huku anafuta macho. Angenipiga ningevumilia. Lakini kucheka! Vyombo vyenu kwenye matope, na yeye amepata hadithi ya kuwachekesha wenzake!

Basi sikuondoka. Nilisema, "Na hapa hakuna summer, Bwana." Kiazi sikuwa nacho. Nilichukua kikapu cha Jerusa nikakiweka chini kiwe jua. Nikaanza kukizunguka, mwili wangu nimeuinamisha upande wa kiwanda, na popote nilipofika niliinamia upande uleule wa kiwanda. Watu wakapiga kelele, "Amelewa!" "Ni mapepo ya misheni!" Niliendelea. Nilipofika upande ambapo kichwa changu kimekaribia kikapu nikasimama hivyo, nimepinda, nikasema, "Hii ni Juni. Kichwa ni Asamu. Tazama kichwa, kina jua." Nikazunguka mpaka ng'ambo. "Hii ni Desemba. Kichwa kimeliacha jua." Halafu nikajipiga tumboni mbele ya watu wote, mimi, Akeyo Kimya. "Hapa ndipo Kericho. Tumbo halibadiliki. Juni yetu ni mawingu. Majani hayapo. Hawa si wavivu."

Wachumaji wengine walikuwa wamesogea wanione. Nadhani Kiingereza hawakukielewa, ila tumbo walilielewa. Bwana hakuwa anacheka tena. Aliniambia amelima chai tangu kabla sijazaliwa. Nikasema, "Ndiyo, Bwana, Asamu." Akasema chai ni chai. Vikapu viwili vinabaki.

Kwa hiyo neno alilikubali kwa sababu linachekesha, na dunia akaikataa kwa sababu haichekeshi.

Halafu akamgeukia baba, akanyoosha mkono. Baba hakuelewa anataka nini, au alijifanya. Bwana akaonyesha firimbi. Baba akaivua shingoni, kamba ikakwama sikioni, hakuna aliyemsaidia. Aliyepewa ni Nyakundi, mmoja wa wachumaji. Baba alipita karibu yangu akaniambia kwa Kijaluo, polepole, "Umenisoma mbele ya watu kama gazeti." Sijui kama nitasahau sauti hiyo. Lakini nilikuwa nimemwandikia kwanza kwa siri, na kwa heshima, na alikuwa na siku za kutosha.

Kuhusu mama yako, Bwana alisema, "Mwambieni nimempa samaha yake. Akirudi kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba ni yake." Na akatabasamu kwa lile neno lake jipya. Nikataka kumwambia kwamba hana kosa la kusamehewa, lakini Kiingereza kilikuwa kimeniishia. Nikalisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa. Hakukuwa na mtu wa kumtafsiria.

Siku hiyohiyo Jerusa alituma habari kwenu kwa mtu wa mkokoteni. Jumanne hamkuja. Jumatano mvua. Nikaambiwa daraja lina matope, nikaambiwa mama yako amesema hatarudi kwa samaha ya mtu. Simlaumu. Lakini mahindi ni yake, na mlango ni wake, si wa samaha.

Shule wameniandikia kwamba nafasi yangu ameshapewa mwingine. Ada hata hivyo hakuna, kwa maana baba sasa anabeba kikapu, mstari wa tatu kutoka kwangu, na hatusemezani. Nilivua viatu nikampa mtoto wa Jerusa, nami nikashika kikapu cha kuchuma. Siku ya kwanza kikapu changu hakikufika hata nusu, kwa sababu vidole vyangu ni vya kalamu, na kwa sababu majani hayapo. Nyakundi aliniambia nichanganye na yale makubwa. Nilikataa. Siku yangu haikuandikwa, wala ya kesho yake.

Jioni ya Jumatatu ile nilifungua nyumba yenu. Niliifagia, nikaziba paa upande wa kitanda cha mtoto, nikapalilia mahindi. Yamenipita kichwa. Tangu siku hiyo nalala humo.

Jana ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi. Jioni Nyakundi alikuja na watu watatu, mume na mke na mzee wao, wamebeba mikeka na kuku mmoja. Aliniambia nitoke, nyumba ina wenyewe wapya. Nilikaa kizingitini, mgongo kwenye nguzo moja na miguu kwenye nguzo ya pili. Akauliza, "Humu kuna nani?" Nikasema, "Kuna Nyatichi, na Kemuma, na mtoto." Akachungulia juu yangu, akasema haoni mtu. Nikasema wanakuja. Akapuliza firimbi sikioni mwangu. Sikusogea. Jerusa akatoka kwake akakaa chini kando yangu, kisha mwanamke wa nyumba ya pili akatoka na kiti chake. Yule mke mgeni alinitazama sana, akamwambia mumewe waende laini nyingine. Nyakundi akasema atarudi na Bwana asubuhi ya Jumatatu.

Leo ni Jumapili. Nimechota maji, nimejaza mtungi wenu, na nimeandika barua hii nikiwa bado nimekaa hapohapo mlangoni.

Dada yako,
Akeyo